Vipindi vya Bwana Mdogo

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa pamoja na mvua. Nimefika shuleni viatu mkononi na soksi mfukoni, na bado nilikuwa mkavu kuliko Mkuu wetu wa shule, ambaye pikipiki ilimtupa kwenye dimbwi la getini mbele ya wanafunzi wote. Walicheka, naye akacheka pamoja nao. Ndivyo alivyo. Ni mtu asiyejua kukasirika, na walimu tunampenda kwa hilo, ingawa wanafunzi wanampanda kichwani.

Nimeanza kuandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kusema ninayoyawaza. Kasuku anasikia. Ni mtoto wa dada yangu, na jina hilo tulimpa wenyewe kwa kuwa tangu ajue kutamka neno la kwanza hajanyamaza. Amekuja kukaa kwangu kwa sababu chuo cha uuguzi kilichompokea kiko katika mji huu huu. Wamesema watamshikia nafasi mpaka tarehe kumi Mei, alipe ada aingie, au wampe mwingine.

Ada yake ilikuwepo. Dada ni fundi cherehani, na fedha hiyo aliishona sare kwa sare, miaka. Ada hiyo nimeisomea mimi.

Niliona njia nzuri. Walimu wa hisabati wanazikimbia shule za umma kama nyumba inayoungua, kwa hiyo wakubwa wakaanzisha mpango, wakauita Baki Darasani. Mwalimu anasoma shahada jioni na Jumamosi, anajilipia ada mwenyewe, na akifaulu mwaka huku bado anafundisha, anarudishiwa yote. Nikamwendea dada, nikamwambia, "Nipe ya Kasuku, kabla hajaitwa chuoni itakuwa imerudi." Hakuuliza mara mbili. Nilisoma, nikafaulu, nikapeleka maombi yangu mwezi wa kwanza. Tangu hapo nasubiri, dada anasubiri, na Kasuku anasubiri huku akiimba jikoni.

Alhamisi, 7 Machi

Leo Mkuu kanipa zawadi. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeficha pipi, "Mwalimu, juzi nilikuona umelala juu ya madaftari. Mdomo wazi kabisa."

"Samahani, Mkuu."

"Samahani ya nini? Unasoma, unafundisha, utakufa. Nimekupunguzia vipindi. Umebaki na kidato cha nne peke yake, na stoo ya vitabu. Huko stoo kuna meza, kuna taa, kuna kimya. Soma, mama."

Vipindi vyangu vingine vyote kampa mwalimu mpya wa hisabati, kijana aliyeletwa na huo huo mpango, ambao walimu wapya nao huwarudishia ada waliyosomea ualimu. Mrefu, viatu vyake vinalia kila hatua, na anamsalimia kila mtu mara mbili. Walimu tumeshambatiza Bwana Mdogo. Nikamwonyesha madarasa yangu kwa furaha kama mtu anayekabidhi mbuzi msumbufu. Nimerudi nyumbani saa tisa mchana. Sikumbuki mara ya mwisho kuona jua la saa tisa nikiwa nyumbani, hata kama leo lilikuwa nyuma ya mawingu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimesoma sana. Panya wa stoo naye anasoma, ameshamaliza jiografia.

Jumapili, 17 Machi

Dada kapiga simu. Hana tabia ya kuuliza jambo moja kwa moja. Aliuliza mvua, akauliza kikohozi changu, akauliza kama Kasuku anaosha vyombo au anaviimbia tu. 

"Na ile habari yetu, mdogo wangu?"

"Bado kidogo, dada."

"Haya. Subira huvuta heri."

Anaposema methali ujue ameanza kuogopa.

Jumatano, 20 Machi

Bwana Mdogo anapiga kelele darasani hadi stoo nasikia. Wanamzomea. Anafundisha mlinganyo kama anayesoma tangazo la msiba. Nilisema mbele ya walimu wengine kwamba mpango wa Baki Darasani umetuletea mtu wa kubaki mlangoni. Walicheka sana. Nilijisikia mwerevu.

Ijumaa, 22 Machi

Madaftari yatasubiri, naandika hili kwanza.

Nimekwenda ofisi ya elimu kufuatilia. Kwenye dirisha la malipo yuko mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mpole, aliniita "mwanangu" kabla hajajua jina langu. Akatafuta jalada langu, akalifungua, akasoma polepole huku midomo ikicheza. Halafu akanitazama.

"Mwanangu, mbona wewe hufundishi?"

Nilidhani kakosea jalada. Nikamwambia nafundisha mwaka wa kumi na mbili sasa.

"Mkuu wako ameleta ratiba ya muhula huu. Una darasa moja na stoo. Mpango huu ni wa mwalimu mwenye mzigo kamili wa vipindi, muhula alioombea na muhula anaolipwa. Ukipungua, unahesabiwa umeondoka darasani."

"Alinipunguzia kwa huruma. Ili nisome!"

"Naamini. Lakini mimi hapa sina sehemu ya kuandika huruma."

Hakusema kwa ubaya. Akanieleza kwamba mkaguzi atapita katikati ya Aprili, ataingia darasani mwenyewe, atakaa nyuma na kuangalia. Akinikuta na mzigo kamili, faili langu linaendelea. Asiponikuta nao, linafungwa.

Nimetembea kwa miguu kutoka mjini hadi nyumbani. Kasuku kanipokea mwavuli uliokatika, akauliza, "Mama mdogo, wamesemaje?" Nikamwambia mambo yanakwenda. Akashangilia, akaanza kunieleza jinsi watakavyofundishwa kuchoma sindano kwa kutumia chungwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu, 25 Machi

Nilimkuta Mkuu anakunywa chai. Nilimwambia yote kwa mkupuo, hata salamu nilisahau. Alipoelewa, kikombe akakiweka chini, akashika kichwa. Yule mzee alikuwa karibu kulia, na mimi nilitamani alie, nipate mtu wa kulia naye.

"Nilikuonea huruma, Mwalimu. Wallahi nilikuonea huruma."

"Basi nionee tena. Nirudishie vipindi vyangu."

Ndipo aliponiambia jambo ambalo tangu saa hiyo limenikaa kifuani. Bwana Mdogo yuko kwenye majaribio. Mkaguzi huyo huyo anakuja kumpima yeye pia. Akikutwa na mzigo kamili, anathibitishwa kazini, na ada aliyosomea ualimu ataanza kurudishiwa. Akikutwa na vipindi pungufu, shule inahesabiwa kuwa haimhitaji, na anaondolewa.

"Tugawane," nikasema. "Nusu kwa nusu."

"Mkigawana mnapungua wote wawili. Vipindi vya hisabati vinatosha mtu mmoja na kipande."

"Yeye anajua hayo?"

"Hajui. Sitaki kumtisha mtoto wa watu." Akafuta uso kwa leso. "Mimi siwezi kumnyang'anya, Mwalimu. Siwezi. Lakini kama ninyi wenyewe mtaelewana, nitasaini ratiba mpya."

Sasa naona huruma ya Mkuu ilivyo. Anagawa kile asichokishika, halafu anawaachia wengine wakinyang'anyane. Nimemchukia leo kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Jumatano, 27 Machi

Sikula. Kasuku kasema nimekonda, akaniongezea chakula kwenye sahani kama mimi ndiye mtoto.

Jumanne, 2 Aprili

Nimefanya. Niandike jinsi nilivyofanya.

Mvua ilikuja mchana kwa kishindo, kukawa hakusikiki jingine ila bati, na wanafunzi walipokimbia kwenda kwao Bwana Mdogo akabaki darasani anasahihisha. Nikaingia, nikakaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga ubao. Akasimama kunisalimia, akakaa, akasimama tena kuniletea kiti. Nikakataa kiti.

Nilitaka kumkuta mjinga. Nikaona kwenye meza yake amewaandikia wanafunzi maelezo kwenye kila daftari, si vema na kosa tu, bali sentensi nzima: "Hapa ulikuwa kwenye njia sahihi, ukaogopa. Endelea." Hata yule mtoro wa mwisho darasani kaandikiwa. Mimi kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwandikia mtu sentensi.

"Wananizomea, Mwalimu," akasema, akicheka kwa aibu. "Lakini leo wamenizomea kwa dakika chache tu. Nadhani wanachoka."

Akaniambia alikuwa anauza misumari na saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wenzake walimcheka alipoacha kazi kwenda kufundisha. Mama yake ndiye aliyemsukuma, alisikia redioni kwamba mwalimu anarudishiwa ada, akamwambia mwanangu, hiyo ni milango miwili kwa ufunguo mmoja. "Sasa mama yangu akipita mtaani anatembea katikati ya barabara," akasema. "Magari yanampigia honi, hahami."

Nilicheka. Halafu nikamweleza habari zangu. Nilimweleza dada na cherehani yake, Kasuku na chuo, tarehe kumi Mei. Nilimweleza dirisha la malipo. Kila nililomwambia lilikuwa kweli. Nikamaliza kwa kusema, "Nisaidie, mdogo wangu. Nirudishie yale madarasa kwa muhula huu tu."

Akatazama madaftari yake. "Na mimi nitafanya nini?"

"Utachukua stoo. Na kidato cha kwanza kimoja."

"Haitanidhuru na mkaguzi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mahali pa kusema. Mvua ilikuwa kubwa, ningeweza hata kujifanya sikusikia. Nilisikia. Nikamjibu, "Wewe bado kijana, watakuangalia kwa jicho la upole."

Akafikiri, akatabasamu. "Chukua, Mwalimu. Dada akiomba hakataliwi. Ila huyu wa dawati la nyuma, tafadhali usimpige. Anaanza kuelewa."

Nikamshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nimejua jambo na nimenyamaza, na nimenyamaza kwa makusudi, na kama angeniuliza tena ningenyamaza tena. Kasuku amelala chumba cha pili akiwa amekumbatia kitabu cha mifupa ya binadamu alichoazima. Mungu anisamehe au asinisamehe, mtoto huyu ataingia chuo.

Alhamisi, 4 Aprili

Ratiba mpya imebandikwa. Wanafunzi wameuliza Bwana Mdogo yuko wapi. Nikawaambia wafungue vitabu.

Jumatano, 10 Aprili

Maji yameingia darasani mpaka kifundo cha mguu. Nimefundisha nikiwa nimesimama juu ya kiti. Sauti imekauka. Masomo ya jioni sijakwenda wiki nzima, sina nguvu. Kwa hiyo ili nilipwe ada ya kusoma nimeacha kusoma.

Jumatano, 17 Aprili

Mkaguzi kaja. Mtu mfupi, koti la mvua hakulivua, akakaa nyuma kabisa jirani na yule mtoro. Nilifundisha vizuri kuliko siku zote. Hofu ni mwalimu mkali. Wakati wa kuondoka kaniambia, "Walimu kama ninyi ndio tunaotaka wabaki."

Halafu kaenda stoo. Nilisimama dirishani nikawaona. Bwana Mdogo alikuwa amezipanga rafu zote upya, ameziandika namba kwa mkono wake mzuri, na alikuwa anamwonyesha mkaguzi kazi hiyo kwa fahari kubwa. Mkaguzi alikuwa anaandika.

Ijumaa, 26 Aprili

Dada: "Mdogo wangu, zimebaki siku."
Mimi: "Najua, dada. Mkaguzi amepita, tuko vizuri."
Dada: "Nimeshamshonea sare nyeupe. Mbili."

Alhamisi, 2 Mei

Niliitwa ofisi ya elimu. Niliwahi kabla hawajafungua, nikasimama chini ya ukingo wa paa na wafagizi. Mama wa miwani ya kamba aliponiona alitabasamu, na moyo wangu ukapaa. "Hongera, mwanangu. Umekubaliwa."

Nililia pale pale. Akanipa leso yake mwenyewe. Nikamuuliza niende benki gani.

"Bado benki. Umekubaliwa, lakini fungu la mwaka huu limekwisha. Mlioomba ni wengi. Utalipwa mwaka mpya wa fedha ukianza, mwezi wa saba, au wa nane kama kawaida yao."

Nikamwambia tarehe kumi. Nikamwambia kwa sauti kubwa hata watu waliokuwa kwenye mstari waliacha kuzungumza. Nikamwambia kuna mtoto. Akavua miwani.

"Kila anayekuja hapa ana mtoto," akasema taratibu. "Ningekuwa nazo mimi ningekupa."

Nimemwamini. Hilo ndilo linaloniua. Tangu mwezi wa tatu natafuta mtu mbaya wa kumchukia katika jambo hili, na kila ninayemgusa ni mtu mwema.

Ijumaa, 3 Mei

Nilimpigia dada. Nilieleza. Nyuma yake cherehani ilikuwa imesimama, na hiyo niliiogopa.

"Nilikupa mkononi," akasema. "Sikukuandikisha hati."

"Dada..."

"Ningekuandikisha ungekuwa mtu baki. Mpe mtoto simu."

Kasuku aliongea naye akiwa amegeukia ukuta. Alisema ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Hapana, usimseme. Kisha akaja akakaa karibu yangu, akanisogezea chai, na hakuongea neno mpaka giza likaingia. Ningetoa macho yangu aimbe.

Jumamosi, 11 Mei

Dada alifunga safari jana, akaenda mwenyewe chuoni kuwaomba. Ofisi ilipofungwa jioni, nafasi wakampa mwingine. Aliondoka mjini bila kufika kwangu.

Jumatatu, 13 Mei

Bwana Mdogo kaondolewa. Barua ilifika asubuhi. Mchana alikuwa ameshakusanya vitu vyake kwenye mfuko wa saruji. Aliaga walimu wote, kila mmoja mara mbili. Mimi akanifuata nje, chini ya ukingo wa stoo.

"Mwalimu, ile siku ya mvua. Ulijua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku na mchana. Nikasema, "Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu akaliona liko sawa. Sikuona hasira. Ningelipa nisichokuwa nacho kuiona.

"Basi," akasema. "Angalau binti kaingia chuo."

Alikuwa ananitazama. Mfuko ulikuwa begani. Alikuwa anahitaji kitu cha kwenda nacho kwa mama yake, angalau hicho kimoja.

"Kaingia," nikamwambia. "Anakushukuru sana."

Akacheka, kile kicheko chake cha aibu. Akaenda zake, viatu vikilia mpaka getini.

Alhamisi, 16 Mei

Sasa hisabati ya shule nzima ni yangu. Nafundisha madarasa mawili kwa pamoja, mlango katikati ukiwa wazi. Shahada nimesimamisha. Mwezi wa saba ukinikuta nina kipindi kimoja pungufu, faili litafungwa, kwa hiyo siugui, sichelewi, sipumziki. Kweli mpango umenibakiza darasani.

Ijumaa, 17 Mei

Mkuu alikuja nyumbani kwangu, hajawahi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akamsifu Kasuku kwa chai. Halafu akamuuliza hisabati alipata ngapi. Kasuku akamjibu. Mzee akaruka karibu kumwaga kikombe.

"Binti, una kazi gani sasa?"

"Sina, mzee. Namsumbua mama mdogo."

"Njoo utushikie kidato cha kwanza! Mwaka ujao uende chuo cha ualimu. Ada usiogope, utalipa, halafu unarudishiwa."

Alisema kwa huruma. Macho yalikuwa yanamng'aa kabisa. Nikasema, "Hapana." Wote wawili wakanitazama.

Kasuku akauliza, "Mama mdogo, si kweli kwamba wanarudisha? Wewe si wamekukubalia?"

Ningesema nini? Wamenikubalia. Nikasema, "Wamenikubalia." Na yule mtoto, ambaye kwa wiki mbili alikuwa bubu, akaanza tena kuongea. Aliongea mpaka Mkuu akaaga. Atamwambia mama yake wauze sare nyeupe, wapate pa kuanzia.

Jumatatu, 20 Mei

Leo amefundisha kipindi chake cha kwanza. Nilitoa kazi kwa madarasa yangu, nikatoka, nikasimama nje ya ukuta wa kidato cha kwanza mahali ambapo hawanioni. Mvua imekatika, kila kitu kinasikika.

Sauti yake ilitetemeka mwanzoni. Mtoto mmoja akacheka. Nikafumba macho nikaomba, kwa moyo wote niliokuwa nao, kwamba wamzomee. Wamzomee leo, wamtoe machozi, arudi nyumbani aseme kazi hii siitaki, mama mdogo, afadhali niuze misumari.

Akauliza swali. Darasa zima likamjibu kwa sauti moja.